Jicho Lisiloona Kilicho Karibu

Shahidi mwema hatambulikani tu kwa mambo anayoyasema, bali pia kwa yale anayokataa kuyasema kwa sababu hakuyaona. Mtu akiulizwa barazani juu ya jambo lililotokea nyuma ya nyumba, naye alikuwa mbele, kisha akajibu kwa sauti kubwa kana kwamba alikuwapo, ushahidi wake huharibu hata yale machache aliyoyaona kweli. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla umeme haujafika mitaani kwetu. Sisi tumelitafakari upya mwaka huu kwa msaada wa chombo ambacho urefu wake hauzidi sentimita tano, nacho ni kihisi cha umbali kitumiacho mwanga wa infraredi, ambacho tulikiunganisha na ubongo wa roboti ndogo ya kujifunzia. Asiyezoea nyaya asiiache makala hii njiani, kwani hesabu zake si ngumu, na kila jina la kigeni tutalieleza mahali pake.

Tunakutana hapa Lubumbashi kila Jumamosi baada ya saa nane mchana, watu wazima watatu na vijana kumi na mmoja, katika chumba chenye meza mbili na madirisha mapana. Vijana ndio walioomba roboti. Tangu mwaka 2013, Kinshasa ilipowekewa roboti za aluminiamu za kuongoza magari njia panda, zilizobuniwa na mhandisi Mkongo Thérèse Izay, neno hilo halikuwa tena la sinema za nchi za mbali. Vijana wetu walizaliwa au kukua wakijua kwamba Mkongo anaweza kutengeneza roboti, na kwamba mhandisi huyo ni mama. Kwa hiyo hatukuwa na kazi ya kuwashawishi. Kazi ilikuwa kupata vifaa.

Ubongo tuliopata ni bamba la Arduino Uno, kidhibiti kidogo ambacho ukoo wake ulianzia katika mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wasio wahandisi. Tulipata pia motori mbili za rangi ya njano zenye magurudumu, kipande cha ubao mwembamba kuwa mwili wake, na kihisi kimoja tu cha kampuni ya Sharp, aina ya GP2Y0A21YK0F. Tunasema kimoja tu ili msomaji aelewe uzito wa siku ile tulipokiunganisha. Kililetwa na msafiri mwenye hisani, na bei yake pamoja na usafiri ingelisha familia kwa siku kadhaa. Kama kingeungua, roboti yetu ingebaki kipofu kwa muda tusioweza kuukadiria.

Kabla ya kugusa waya tuliwaeleza vijana mwanga huo ni wa namna gani. Mwaka 1800 William Herschel, mwanamuziki aliyegeuka kuwa mnajimu na ambaye tayari alikuwa ameigundua sayari ya Uranus mwaka 1781, alipasua mwanga wa jua kwa kipande cha kioo cha pembetatu, ukatandazika kuwa rangi kama za upinde wa mvua. Akaweka kipimajoto katika kila rangi. Kisha akakiweka nje ya wekundu, mahali ambapo jicho halikuona chochote, na huko ndiko joto lilikopanda kupita rangi zote. Mwanga uliokuwa pale haukuonekana, lakini kazi yake ilipimika. Huo ndio tunaouita infraredi. Vijana walitaka kuuona, nasi tukawaonyesha kwa njia rahisi: ukielekeza kidude cha kubadilishia chaneli za televisheni kwenye kamera ya simu na kubonyeza, kamera nyingi huonyesha nukta ya zambarau ambayo macho yetu hayaioni. Walipokezana kidude kile kwa muda mrefu kuliko tulivyopanga.

Kihisi chetu kina macho mawili yaliyo bega kwa bega. La kwanza hutoa mwanga huo, la pili huupokea unaporudi. Wengi hudhani kwamba chombo hupima nguvu ya mwanga unaorudi, yaani kitu kilicho karibu hung'aa zaidi. Sivyo. Chombo hiki hupima pembe. Msomaji anaweza kulielewa jambo hili papo hapo alipo. Nyosha mkono, tazama kidole chako, kisha kilete polepole kuelekea puani. Macho yako hugeukia ndani zaidi na zaidi, na bila kujua unaujua umbali kwa kadiri ya kugeuka huko. Ndani ya kihisi, mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu cha mbali huangukia upande mmoja wa utepe mwembamba unaohisi mwanga, na ule wa kitu cha karibu huangukia upande mwingine. Mahali ulipoangukia hugeuzwa kuwa volti. Ndiyo maana karatasi nyeupe na kadibodi ya kahawia hutoa karibu jibu lilelile: rangi hubadili wingi wa mwanga, lakini haibadili pembe.

Nyaya zake ni tatu. Mmoja huleta umeme wa volti 5, mmoja ni masi, kama mafundi wetu wanavyouita waya wa kurudia, na wa tatu hutoa jibu. Kwa kawaida mwekundu ni wa umeme, mweusi ni wa masi, na wa njano au mweupe ni wa jibu. Lakini tulisema "kwa kawaida", na neno hilo limekwisha kuunguza vyombo vingi. Vifuko vya nyaya vinavyouzwa na kihisi hiki havifuati rangi moja. Katika kifuko chetu waya mwekundu ulikuwa umefungwa mahali pa jibu. Karatasi ya maelezo ya kiwanda haitaji rangi hata moja, bali hutaja mahali: pini ya kwanza ni jibu, ya pili ni masi, ya tatu ni umeme. Kihisi kikipokea umeme kinyumenyume kinaweza kufa mara moja, wala hakitoi moshi wa kuonya.

Hapo ndipo msichana mmoja wa mwaka wa tano wa sekondari alipoweka kanuni ambayo sasa tunaishika sote. Alichukua multimita, akagusa kila waya mwisho kwa mwisho, akaandika katika daftari pini gani inafika wapi, kisha akazungushia kila waya kipande cha karatasi chenye jina lake. Kijana wa pembeni yake alimwambia kwamba rangi zinatosha, kila fundi anajua nyekundu ni umeme. Yeye akajibu, "Fundi anajua, lakini waya haujui." Tulicheka, ila hakuna aliyeunganisha chochote mpaka alipomaliza. Umeme tukautoa kwenye pini ya volti 5 ya kidhibiti, masi kwenye pini iliyoandikwa GND, na waya wa jibu tukaupeleka kwenye A0, ya kwanza kati ya pini sita ambazo Arduino Uno husomea volti.

Juu ya masi inafaa tukae kidogo, kwa sababu wengi huidharau. Motori zetu zinapata umeme kutoka kwa betri nne ndogo, na kidhibiti kinapata wake kutoka kwa betri ya kuchajia simu. Hizo ni chemchemi mbili mbalimbali. Volti si kitu kinachosimama peke yake; daima ni tofauti kati ya sehemu mbili, kama vile urefu wa mlima usivyo na maana usiposema unapimwa kuanzia wapi. Kidhibiti kikiliambia bamba linaloendesha motori "volti 5", na bamba hilo lina sifuri yake tofauti, ujumbe hauna maana. Kwa hiyo chemchemi mbili zinaweza kubaki mbili, lakini masi zao lazima zifungwe pamoja. Tulipowauliza vijana waeleze kwa maneno yao, mmoja wao alisema kwamba watu wawili hawawezi kupatana bei kama mmoja anahesabu kwa faranga na mwingine kwa dola, na hakuna aliyetaja kiasi cha kubadilishia. Hatukuongeza neno.

Wakati wa kukata nyaya, mdogo kuliko wote aliokota kipande kilichoanguka, akakwangua plastiki, akauliza, "Papa, hii si shaba?" Tukamwambia ndiyo. Akauliza kwa nini basi waya ununuliwe ukitoka mbali, na sisi tunakaa juu ya shaba. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya madini hayo. Kila siku malori yanatoka Katanga yakiwa na mabamba ya shaba na kuvuka mpaka wa Kasumbalesa, na kwa mpaka huohuo nyaya zinaingia zikiwa ndani ya vifuko. Jibu la swali lake ni refu, na lina sura za siasa, za viwanda na za umeme usiotosha. Tulimpa sehemu moja tu ya jibu hilo: kati ya bamba na waya kuna kazi ya ujuzi, na ujuzi huanza kwa kujua waya upi ni upi. Alikihifadhi kipande kile mfukoni.

Siku ya pili ilikuwa ya kupima. Kidhibiti hugawa volti 0 hadi 5 katika ngazi 1024, yaani namba kuanzia 0 hadi 1023. Tukaweka sanduku mbele ya kihisi, tukapima umbali kwa rula, tukaandika. Kwenye sentimita 10 kihisi hutoa karibu volti 2.3, nayo ni namba karibu 470. Kwenye sentimita 20 ni volti 1.3, namba 266. Kwenye 30 ni volti 0.9, namba 184. Kwenye 80, ambao ndio mwisho wa uwezo wake, ni volti 0.4, namba 82. Vijana walichora nukta hizo kwenye karatasi ya mraba wakitegemea mstari ulionyooka, wakapata mteremko uliopinda: unashuka kwa kasi mwanzoni, kisha unalala. Maana yake ni kwamba sentimita moja iliyo karibu hubadilisha namba kwa kiasi kikubwa, na sentimita moja iliyo mbali haiibadilishi karibu kabisa. Chombo hakisemi kweli kwa uzito uleule mahali pote. Kwenye sentimita 75 kinakisia. Kwenye 15 kinajua.

Kisha yakaja yale ambayo kwayo tumeandika makala haya. Msichana yuleyule wa daftari alikuwa akisogeza kiganja chake kuelekea kwenye kihisi huku mwenzake akisoma namba kwa sauti. Namba zilipanda kama ilivyotarajiwa: mia mbili, mia tatu, mia nne na sabini. Akapita alama ya sentimita 10 na kuendelea. Namba zikapanda bado, zikafika kilele karibu na sentimita sita, kisha zikaanza kushuka. Kiganja kilizidi kukaribia, na kihisi kilizidi kusema kwamba kinaenda mbali. Kilipokaribia kugusa lenzi, namba ilikuwa ileile ya kitu kilicho mbali kupita sentimita ishirini. Chumba kilinyamaza. Mmoja akauliza kama kimeharibika.

Hakikuharibika. Kitu kikikaribia mno, mwanga unaorudi huja kwa pembe kubwa kupita mwisho wa ule utepe, na sehemu kubwa ya mwanga humwagika nje. Karatasi ya kiwanda inasema waziwazi: sentimita 10 hadi 80. Haisemi sifuri hadi 80. Hatari yake kwa roboti ni dhahiri. Ikiukaribia ukuta bila kusimama kwa wakati, ikaingia ndani ya zile sentimita chache, itasoma kwamba njia ni nyeupe, nayo itausukuma ukuta kwa juhudi zote huku ikiamini kwamba inaenda mbele. Si kwamba haina jicho. Jicho linalo, na linajibu bila kusita, ila jibu lake la karibu linafanana kabisa na jibu lake la mbali.

Tulijadiliana namna ya kuliponya jambo hili. Mmoja alipendekeza kihisi cha pili, lakini hatukuwa nacho. Mwingine alipendekeza programu ikumbuke namba zilizopita, ili namba ikiwa imepanda hadi kilele kisha ikashuka, roboti ijue kwamba imekaribia mno. Wazo hilo ni zuri, ila linashindwa pale mtu anapoweka mkono ghafula mbele ya lenzi, kwa kuwa hakuna kupanda kulikotangulia. Dawa iliyoshinda ilikuwa nyepesi kuliko zote, na mafundi wengi wa roboti huitumia: kurudisha jicho nyuma. Tukakifunga kihisi sentimita 10 nyuma ya ukingo wa mbele wa ubao, kikiwa kimeinuliwa kidogo ili kisiuone ubao wenyewe. Sasa kitu kinachogusa pua ya roboti kiko tayari sentimita 10 mbele ya jicho. Lile eneo la upofu limeliwa na mwili wa roboti yenyewe, wala hakuna kitu cha mbele kinachoweza kuingia humo. Tulipoteza sentimita 10 za kuona mbali, tukapata hakika ya karibu.

Wazazi na viongozi wa vikundi watatuelewa tukisema kwamba tuliporudi nyumbani jioni ile hatukuwaza roboti peke yake. Kila mmoja wetu ana mtu anayekaa naye meza moja na ambaye habari zake huzijua kidogo kuliko za jirani wa mtaa wa tatu. Ukaribu hutupa majibu ya haraka, nasi huyaamini kwa sababu yanakuja bila kusita: huyu ni mvivu, yule hana neno, mtoto huyu ni mzima. Kurudi nyuma sentimita chache kabla ya kusema si kumwacha mtu. Ni kumweka mahali ambapo jicho letu linaweza kumwona.

Ilibaki kazi ya motori. Motori zilipokuwa zimezimwa, namba zilitulia. Zilipozunguka, namba zilirukaruka: 184, 231, 140, 197, na sanduku halijasogea hata unywele. Sababu zilikuwa mbili. Kihisi chenyewe huvuta umeme kwa mikupuo, kila kinapowasha mwanga wake, na mikupuo hiyo huutikisa umeme kinaoutumia. Motori nazo hutoa cheche ndogo ndani yake, na kelele zake huenea katika nyaya zote. Tulifunga kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya umeme na masi, karibu kabisa na kihisi, kama kiwanda kinavyoshauri, ili iwe kama mtungi wa akiba mlangoni: bomba likisita, nyumba haikosi maji. Tukafunga kapasita ndogo za nanofaradi 100 kwenye kila motori. Nyaya za kihisi tukazitenga na zile za motori.

Programu nayo ilifundishwa subira. Kihisi hiki hutoa kipimo kipya kila baada ya milisekunde 38 hivi. Kidhibiti kinaweza kuuliza maelfu ya mara kwa sekunde, lakini kumuuliza shahidi mara nyingi kabla hajatazama tena hakumfanyi ajue zaidi. Tukakiagiza kiulize kila baada ya milisekunde 50, kishike majibu matano, kiyapange kwa ukubwa, kichukue lile la katikati. Jibu moja la uongo likiruka juu au chini haliwezi kukaa katikati.

Zilipobaki wiki mbili kufika siku tuliyowaalika wazazi, namba bado hazikuwa zimetulia kabisa. Hapo kijana mmoja, mwenye mikono mizuri kuliko wote, ambaye siku za juma hutengeneza simu katika kibanda cha baba yake, akaleta pendekezo lake. Ukuta wa ukumbi unajulikana uko wapi. Tuiandikie roboti iende mbele sekunde sita kisha isimame. Itasimama karibu na ukuta, watu watapiga makofi, na kihisi kitakuwa pale juu kwa kuonekana tu. Hakusema hivyo kwa hila. Baba yake alikuwa amemwambia kwamba Jumamosi zile ni pesa zinazopotea, na kwamba atakuja kuona kwa macho yake kabla ya kuamua kama mtoto ataendelea. Kwa kijana yule, roboti kugonga ukuta mbele ya baba kulikuwa na maana ya kutorudi tena kwenye meza yetu.

Sisi watu wazima tulitaka kujibu upesi, ila tulijizuia tuwaache wasemezane wao kwa wao. Wengine walikuwa upande wake, nao walikuwa wengi. Walisema hakuna atakayejua, na kwamba wiki ijayo tutarekebisha. Mmoja akapendekeza angalau tujaribu. Wakaijaribu mara kumi kwa sekunde zilezile. Betri zilipokuwa mpya roboti ilikwenda mbali. Baada ya saa moja ya kazi, sekunde sita zilezile ziliifikisha pungufu kwa hatua nzima ya mtu. Muda haukuwa umbali. Kisha yule mdogo wa kipande cha shaba akauliza, "Na kama ukuta ukisogea?" Wakamcheka, kwani kuta hazisogei. Akasema, "Mama hasogei? Mtoto hasogei?" Hakuna aliyemcheka tena. Fundi wetu wa simu alifuta mistari ile ya programu kwa mkono wake mwenyewe, akachukua chuma cha kuchomelea, akaanza kuzikagua kapasita moja baada ya nyingine. Aliikuta moja ambayo mguu wake ulikuwa umelegea.

Siku ya wazazi ilipofika, vijana hawakuanza kwa kuonyesha roboti ikisimama. Walianza kwa kusoma kadi waliyokuwa wameibandika juu yake: "Ninaona kuanzia sentimita 10 hadi 80 mbele ya jicho langu. Sioni kioo vizuri. Jua likinipiga machoni ninachanganyikiwa. Pembeni na nyuma sioni." Wakaleta kipande cha kioo cha dirisha, vijana wawili wakakishika kikiwa kimeinama kidogo, roboti ikaja ikakigonga polepole, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwanga ilipenya na iliyobaki ikaakisiwa kando. Wageni walicheka, wengine kwa huruma. Ndipo wakaambiwa: sasa wekeni ninyi wenyewe kitu chochote kisicho kioo, mahali popote.

Mama mmoja aliweka kikapu. Roboti ikasimama sentimita 20 mbele yake, maana namba 184 ilikuwa ndiyo amri ya kuzima motori: sentimita 30 kutoka kwenye jicho, ishirini kutoka puani. Mwingine akaweka sufuria, mwingine akasimamisha kiatu chake. Baba wa fundi wa simu alisubiri mpaka wote walipomaliza. Akauliza, "Na gizani?" Kijana hakujibu kwa mdomo. Alifunga madirisha moja baada ya jingine, akazima taa, akaomba mtu aweke kitu ambacho yeye hakioni. Tukaisikia roboti ikitembea, kisha tukaisikia ikinyamaza. Taa ilipowashwa, ilikuwa imesimama mbele ya mkoba wa baba yake. "Inabeba mwanga wake, Papa," kijana akasema. Baba aliuchukua mkoba, akautazama umbali ule kwa muda, akasema kwamba kibanda kinaweza kufungwa saa tisa siku za Jumamosi. Tangu hapo kijana huja akiwa amechelewa saa moja, na wenzake humwekea kiti.

Wapendwa wasomaji, wako watakaouliza faida ya roboti inayosimama mbele ya kikapu. Haitalima shamba wala haitaleta maji. Sisi tunajibu kwamba vijana kumi na mmoja sasa wanajua kutofautisha jibu la haraka na jibu la kweli, na wanajua kwamba chombo kinachotaja mipaka yake kinaaminika zaidi kuliko kile kinachodai kuona pote. Wameyajua hayo kwa rula, kwa multimita na kwa namba zilizoandikwa daftarini, si kwa hotuba zetu. Anayetaka kuanza kazi ya namna hii katika mtaa wake hahitaji zaidi ya meza, kidhibiti, kihisi kimoja na mtu wa kukagua nyaya kabla umeme haujaguswa. Asiziamini rangi. Aziunganishe masi pamoja. Aliweke jicho nyuma ya pua. Na kabla ya kuwaita wageni, aandike kadi ya yale ambayo roboti yake haioni, kisha aache nafasi chini yake, kwa kuwa yetu imekwisha kuongezewa mistari miwili tangu siku ile.